Moyo wa Taratibu

Mama Muhtasari hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alipewa jina kazini, kwenye kampuni ya malori alikokuwa mhazili, kwa sababu mkutano ukiisha wenzake wakiwa bado wanapiga miayo, yeye ameshachapa nani kasema nini. Mumewe alikuwa dereva hapo hapo. Huyo walimwita Taratibu: lori lake lilipitwa hata na baiskeli, ila halikuwahi kukwaruza ukuta.

Mkurugenzi alipoleta wasaidizi wa akili mnemba, mmoja wa kupanga safari, mwingine wa matengenezo, mwingine wa kujibu maswali ya wafanyakazi, fundi wa kompyuta aliwakusanya watu akawaeleza. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini.

"Wenyewe hawajui kitu," alisema. "Ndiyo maana wamepewa chombo cha kutafutia ndani ya barua pepe. Wakihitaji jambo wanaingia humo, wanasoma, wanaunganisha, wanakuja na jibu."

"Barua za ofisi nzima?" Mama Muhtasari aliuliza.

"Za kila aliyeruhusu."

Kuruhusu kulikuwa kubonyeza tu. Mkurugenzi alimwomba atangulie yeye, wengine wapate moyo. Akabonyeza.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mkataba wa matairi uliotafutwa makabatini hadi watu wakagombana, msaidizi aliuibua chai ikiwa bado ya moto. Kisha mtunza stoo akauliza likizo yake inaanza lini, akajibiwa kwamba huenda asiihitaji, kwani mkuu wake ameshaandika kuomba aondolewe. Watu walimwona amesimama mlangoni kwa mkuu huyo, simu mkononi. Tangu siku hiyo mambo ya maana yakawa yanasemewa kwenye ngazi, kwa kunong'ona.

Mama Muhtasari naye aliacha kuandika ovyo. Lakini lake lilikuwa limeshaingia.

Taratibu alikuwa amepimwa kifua, akasafiri kabla majibu hayajatoka, akamtuma mkewe ayafuate. Daktari alimwambia moyo wa mumewe umepanuka, aje haraka, na asiendeshe gari kubwa. Alirudi ofisini, akafungua kompyuta akamwandikia wifi yake: "Moyo wake unaweza kusimama ghafla. Usimwambie kwanza. Binti yuko kwenye mitihani, nyumba ikitikisika sasa atafeli. Nitamshawishi achukue likizo."

Wifi akajibu: "Sawa, lakini usichelewe."

Alimshawishi kweli. Taratibu alicheka. "Likizo nikae nyumbani nikuhesabie sufuria?" Akapanda lori, akaenda zake. Kila alipotoka, mkewe alishinda na simu kifuani, na ikilia alikuwa anaogopa kuitazama.

Kisha mume akabadilika. Jioni akitoka kazini alianza kutengeneza vitu: bomba lililovuja, bawaba za kabati, swichi ya chumbani. Alimwita binti akamwonyesha maji ya nyumba yanafungiwa wapi. Alimfundisha mkewe kubadilisha mtungi wa gesi, akarudia, akamtaka ajaribu mwenyewe yeye akiangalia. Utani ukakatika. Chakula, ambacho miaka yote alikila bila neno, akaanza kukisifu.

Mama Muhtasari akaingiwa na hofu nyingine kabisa. Akajiambia: kuna mwanamke. Asubuhi moja ofisini, kabla wengine hawajafika, akafanya jambo aliloapa hatalifanya. Akamwuliza msaidizi: "Mume wangu anaandikiana na nani?"

Jibu lilikuja mara moja. "Haandikiani na mtu. Aliniuliza mimi."

Chini yake mazungumzo yenyewe yakafunguka. Taratibu alikuwa ameuliza kwa nini ameondolewa safari ndefu. Msaidizi alimjibu kwa adabu kwamba ratiba imebadilishwa kutokana na taarifa ya afya iliyopatikana kwenye barua ya mke wake kwenda kwa wifi yake. Barua yenyewe ikafuata, neno kwa neno, pamoja na lile la usimwambie. Mwisho msaidizi alikuwa ameuliza: "Nikutafutie barua nyingine zinazokutaja?"

Na mumewe alikuwa amejibu: "Ndiyo."

Alikwenda kwa mkuu wa safari. "Nani kamwondoa mume wangu?"

"Si mimi. Ratiba ilikuja hivyo, nikadhani ni mkurugenzi."

Mkurugenzi naye alidhani ni mkuu wa safari. Fundi wa kompyuta alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Barua naweza kuifuta, dada yangu. Lakini walichokwisha kusoma wasaidizi hawa wanapeana wao kwa wao. Sijui kimefika wapi."

Nyumbani alimkuta Taratibu uani, anakaza miguu ya benchi.

"Kumbe unajua, na umenyamaza," alimwambia.

"Na wewe?"

Mkewe alikaa kizingitini.

"Nilikuwa na tani za saruji mgongoni," Taratibu alisema bila kupandisha sauti. "Mbele yangu basi, limejaa watu. Ningezimika pale, ungemwambia nani asubiri mitihani?"

"Niliogopa."

"Mashine ndiyo iliyonishusha, mke wangu. Siyo wewe." Aliweka nyundo chini. "Lakini nilitaka nisikie kwako."

Walikwenda hospitali pamoja. Dawa zilimkubali, na lori hakulipanda tena. Binti alifaulu, akaambiwa, akawanunia wote wawili kwa wiki kadhaa. Mama Muhtasari aliondoa ile ruhusa yake, na kuanzia hapo akaandika yanayohusu malori tu.

Baadaye Taratibu aliomba kazi ya kufundisha madereva wapya kwenye chuo cha upande wa pili wa mji, mahali asipojulikana na mtu. Aliandika uzoefu wake wa barabarani. Ugonjwa hakuugusa. Majibu ya msaidizi wa akili mnemba wa chuo yalifika haraka mno, mkewe akamsomea kwa sauti: wanamshukuru, wanamtakia heri, ila kwa kuzingatia hali ya moyo wake hawataweza kumchukua.

Taratibu aliomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

"Wewe ulimwambia mtu huko?"

"Wallahi sikumwambia."

Kisha Taratibu akaichukua simu mkononi mwa mkewe, akaizima, akaifungia kabatini, na walipotaka kuzungumza walitoka nje.