Ukoko wa Chungu cha Tene

Siku ya sita ilifika, na Tene Tarawele hajatia kitu kinywani ila maji. Sitan Kulubali, mke mwenzake, alikuwa ameshampikia uji wa uwele, supu ya kuku, uji tena, na vyote vikaishia kwa mbuzi. Mbuzi yule alinenepa siku hizo hata ikabidi mlango wa zizi uvunjwe ndipo atoke. Tene alikuwa akipungua upande wa pili wa ua, mifupa ya shingo imesimama kama mafiga.

Ugonjwa ulimpiga asubuhi akitwanga. Ulimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Nesi wa zahanati alimtazama, akamvuta Sitan pembeni.

"Mama, asipokula, kabla ya Ijumaa mtamwita imamu."

"Nimpe nini? Kila ninachopeleka anafumba mdomo."

"Chochote. Hata mchuzi mtupu. Mradi kimepita kooni."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na sasa ni Jumatano. Ngolo, mume wao, alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Watoto wa Sitan walikuwa Bamako. Tene hakuzaa. Katika ua ule walibaki wanawake wawili na yule mbuzi, na Sitan alijua kwa nini mdomo ule haufunguki. Haukuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuta umefungwa zamani.

Tene ndiye aliyeolewa kwanza, na kwa mchuzi wa karanga hakuwa na mfano kuanzia Segu hadi mto Joliba unakojificha. Siku ya zamu yake mchungaji mmoja wa Kifulani alipita na ng'ombe arobaini, harufu ikamshika mguu, akakaa ukutani mpaka jua likazama. Ng'ombe wakaenda mnadani peke yao, wakajiuza, na watu wanasema hawakupunjwa. Mchuzi wa Sitan nao ulikuwa na sifa yake. Ukiinama juu ya bakuli uliuona uso wako, ukiinama zaidi ukauona na wa jirani.

Sitan alipojifungua mtoto wa kwanza, Bakari, Ngolo alisema mchuzi wa siku ya kumpa mtoto jina apike Tene. Wageni wakala, wakalamba vidole hadi kwenye kiwiko. Sitan alikaa mlangoni na mtoto kifuani, wivu umemjaa, akasema mbele ya mawifi wote: "Ataachaje kuwa mtamu? Anapika mchana kutwa. Hana mtoto wa kumlilia mgongoni."

Tene alichukua upawa wake, akaenda nyumbani kwake. Tangu siku hiyo hakula tena chakula kilichotoka mkononi mwa Sitan. Siku za zamu ya Sitan alijichemshia viazi. Hakugomba wala hakusengenya, na watoto wa Sitan aliwaosha, akawabeba, akawalisha kama wake. Ila kula hakula, miaka ishirini na tisa.

Jumatano hiyo Sitan alijifunga kilemba akaenda kwa Nakani Jara, bibi muuza sumbala, yale madonge meusi ya mbegu zilizovundikwa ambayo bila hayo mchuzi hauna mwenyewe. Akina Jara ni watani wa akina Tarawele tangu enzi za mababu, na mtani akikuomba jambo, hukatai. Ukikataa, umewakataa wazee wote waliolala ardhini.

"Nimekuja kukuomba mdomo wako," Sitan alisema.

"Mdomo wangu una meno mawili tu, utaufanyia nini?" Nakani akauliza, kisha akauona uso wake. "Hajala?"

"Hajala."

Nakani akafunga donge la sumbala kwenye khanga, akatangulia. Akaingia kwa Tene bila hodi, akajitupa pembeni ya mkeka.

"Wewe mla kunde, mtumwa wangu uliyenitoroka. Nani kakuruhusu ufe? Niliomba ruhusa kwa babu zako, wamesema huko hawakutaki, utawamalizia kunde. Fungua mdomo. Nakuomba kwa utani wetu."

Tene akamtazama kwa jicho la kushoto, lile lililobaki na kazi. Akafungua mdomo kidogo. Sitan akachota kwenye bakuli la mchuzi aliopika alfajiri, akapitisha kijiko kimoja. Tene akameza. Kisha akafumba.

"Na cha pili," Sitan akanong'ona.

"Cha pili hapana," Nakani akasema. "Utani umelipwa. Cha pili kaombe mwenyewe, mimi sikuwepo ulipomtukana." Akachovya kidole bakulini, akakionja, akakifuta kwenye mkeka. "Na mchuzi wenyewe huu, Sitan. Hata mimi ningefumba."

Akaondoka, akaacha donge la sumbala juu ya kinu.

Sitan alibaki amesimama uani. Jua lilikuwa bado halijapanda utosini. Kwa miaka ishirini na tisa walikuwa wamepika hatua kumi na tano mmoja kutoka kwa mwenzake, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo, na Sitan hakuwahi kugeuka kuangalia. Akang'oa mafiga yake, moja moja, akayabeba kifuani, akayapanga mbele ya mlango wa Tene, pale ambapo mgonjwa angeona kila kitu. Akawasha moto.

"Dada," alisema, "leo sikupikii. Wewe ndiwe unayepika. Mimi ni mikono tu."

Tene akaligeuza lile jicho la kushoto kuelekea motoni.

Sitan akatia mafuta, akatia nyama, akaigeuza mpaka ikawa nyekundu pande zote. Akaitoa. Chini ya chungu kulibaki ukoko wa kahawia, umeshikamana. Akashika chungu kwa matambara, akakiinamisha aumwage na kukiosha, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mkono wa kushoto wa Tene ukapiga sakafu. Pu.

Sitan akageuka. "Umeungua, Dada. Nauosha."

Pu.

"Nisiuoshe?"

Mkono ukatulia.

Sitan akakaa chini na chungu mapajani. Kwao, bibi harusi akisikika anakwaruza chungu, kijiji kizima kinajua ameunguza, na wimbo wake utaimbwa kisimani hadi apate wajukuu. Mama yake alimfundisha: mwaga upesi, osha upesi, mtu asisikie. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiwamwagia kuku utamu wote wa nyama, na wao akiwapa maji yenye karanga.

Akarudisha chungu motoni. Akatia kitunguu, kikalia, akatia maji kiasi cha kikombe, akashika upawa, akakwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ikaruka ukuta.

Kisimani, ng'ambo ya ukuta, wanawake wakaacha kuvuta kamba. Kisha mmoja akapaza sauti: "Mama Bakari, ni wewe? Leo umeunguza?"

Mwingine akadakia: "Na uzee wote huo? Tukuletee mama mkwe akufunze?"

Miaka ishirini na tisa nyuma, Sitan angeacha upawa na kujifungia ndani. Akamtazama Tene. Akainua sauti mpaka wamsikie hadi msikitini.

"Nimeunguza. Tene ananifundisha. Miaka yote nilikuwa sijui kupika."

Kule kisimani ndoo zikaendelea.

Ukoko ukaachia, maji yakawa rangi ya udongo wa mtoni baada ya mvua. Akatia nyanya, akatia sumbala iliyopondwa, akatia karanga alizozisaga kwa jiwe na kuzikoroga na maji ya uvuguvugu, akarudisha nyama, akafunika, akapunguza moto. Akanyoosha mkono afunue aangalie. Tene akainua kiganja. Sitan akarudisha mkono. Muda ukapita, akajaribu tena, kiganja kikainuka tena.

Hakukuwa na la kufanya ila kukaa. Na aliyekaa mbele ya chungu kilichofunikwa, na mtu aliyemkosea hatua mbili kutoka kwake, mwishowe husema.

"Dada. Lile neno nililosema siku ya jina la Bakari."

Tene akafumba jicho.

"Nililisema kwa sababu walikula chako wakasahau nimezaa. Lilikuwa neno baya, na lilikuwa uongo. Wanangu walikulilia wewe mgongoni kuliko mimi. Bakari alipoumwa surua alikuita wewe. Nilisikia, nikajifanya nimelala. Siombi kwa utani, mimi si mtani wako. Naomba tu."

Chungu kikaendelea kutokota chini ya kifuniko. Kisha Tene akafungua jicho, limejaa maji, akakishusha kile kiganja, akakielekeza kwenye chungu.

Sitan akafunua. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, mekundu, yametanda pande zote. Chini yake mchuzi ulikuwa mzito, kijiko kiliposimamishwa kikasimama. Harufu ilimpanda kichwani hata akashika ukuta.

Akachota, akapoza kwa pumzi, akapeleka. Akasubiri. Mdomo ukafunguka, upande mmoja tu, na mchuzi kidogo ukamwagika kidevuni. Sitan akaufuta kwa ncha ya khanga yake. Cha pili. Cha tatu. Cha nne Tene alikimeza polepole sana, kama mtu anayehesabu kilichomo.

Cha tano akakizuia. Akashika mkono wa Sitan kwa ule mkono wake mzima, akaugeuza pamoja na kijiko, akausukuma hadi kinywani mwa Sitan mwenyewe.

Sitan akala. Ulikuwa na kila kitu ndani. Akachota tena, cha Tene.