Fomu ya Mkaratusi wa Mama

Kazini walimwita Bi Nyundo, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa mkaguzi wa miti wa manispaa. Miaka kumi na tisa alizunguka mitaani na nyundo yake ya mpira, akigonga mashina na kusikiliza. Shina zima hujibu kwa sauti nzito, lililooza ndani hujibu kama debe tupu. Akishasikia huandika: huu upunguzwe matawi, huu ukatwe, na huu, jamani, wenye nyumba wahame leo leo.

Sasa usidhani kazi ilikuwa kugonga tu. Kuangusha mti mkubwa uliolalia nyumba ni gharama kweli kweli: kamba, wapandaji, gari la kubebea magogo. Ndiyo maana manispaa ilikuwa na mfuko wa kuwasaidia wasioweza kulipa, nao ukifungwa mwezi wa sita, basi tena mpaka mwakani. Bi Nyundo aliwapigania wazee wa watu mpaka mhasibu akimwona mlangoni anajifanya anaongea na simu.

Mtu mmoja tu alimshinda. Mama yake mzazi.

Nyuma ya nyumba ya mama palisimama mkaratusi mkongwe, na tawi lake moja, nene kuliko kiuno cha mtu, lilipita juu kabisa ya chumba anamolala. Kwa kuwa mkaguzi haruhusiwi kukagua mti wa ndugu yake, alikwenda mwenzake, akarudi uso umemshuka.

"Dada, ndani hamna kitu. Fanya haraka."

Haraka ipi? Fomu ya mfuko ilikuwa na mstari mmoja: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni mtu nisiyejiweza." Mama aliusoma, akavua miwani, akamrudishia.

"Peleka kwa wenyewe."

"Mama, ni neno tu la kiofisi."

"Neno tu? Nimefua nguo za watu miaka thelathini. Kiwanja hiki nimenunua kwa mikono hii, nyie watano mmesoma kwa mikono hii. Leo niandike kwa mkono huohuo kwamba sijiwezi? Thubutu!"

"Na tawi likidondoka?"

"Lipo pale kabla hujazaliwa. Linanijua."

Yule bibi alikuwa na kichwa kigumu, weee! Jumamosi nne binti alikwenda, Jumamosi nne akarudi na fomu tupu. Alimbembeleza, akamnunia, akawachochea kaka zake wapige simu, wote wakapewa za uso. Kulipa mwenyewe hakuweza, hata mshahara wa nusu mwaka usingetosha. Upepo ukivuma tu, huko huko kazini alimpigia mama simu.

Jumamosi ya mwisho kabla mfuko haujafungwa hakuja na maneno. Alimshika mama mkono mpaka shinani, akampa nyundo.

"Gonga."

Mama akagonga. Akagonga tena, akaweka sikio.

"Mbona kama hakuna kitu humu?"

"Kumeliwa kote."

"Na kwa nje umenawiri hivi!"

Binti alitaka kumweleza kitaalamu, kama anavyowaeleza watu wote. "Mama, naogopa," akasema, na machozi yakamtoka, mwanamke mzima na sare yake ya manispaa. "Kila siku nawaokoa mama za watu. Wewe utanifia hivi hivi naona."

Mama akamrudishia nyundo. "Haya, lete hiyo takataka yako." Akaiegemeza fomu kwenye shina, akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. "Lakini hupeleki wewe. Napeleka mwenyewe."

Jumatatu alivaa gauni lake la kuendea harusi, akatembea kwa miguu hadi manispaa, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kushika ukuta. Karani alipokea fomu, akachungulia nyuma yake.

"Huyu asiyejiweza yuko wapi, mama?"

"Ndiye mimi. Una neno?"

Karani akapiga muhuri.

Wiki mbili baadaye wapandaji walikuja. Mama aliwasimamia kutwa nzima, akiwafokea namna wanavyofunga kamba na papo hapo akiwaletea chai. Alasiri mkaratusi wote ulikuwa chini, vipande vipande. Bi Nyundo akaingia ndani kumtafuta mama ampe pole, akamkuta stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, anahangaika kuvuta godoro.

"La nani hilo?"

"Langu. Nalirudisha chumbani."

"Limefikaje huku?"

Mama akawa anakung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Nalala huku tangu mvua zianze."

Miezi minne. Miezi minne mama yake alikuwa akilala sakafuni, kati ya magunia, na zile Jumamosi zote anamfukuza na fomu yake. Bi Nyundo alitaka kucheka, akataka kumgombeza, vyote vikamshinda. Akamkumbatia tu, akamng'ang'ania.

"Niache bwana, unanibana," mama akasema, ila mikono yake haikumwachia. "Kumbe ulifikiri unaogopa peke yako?"