Hatua Kumi Nyuma ya Mama Mkwe

Mtu mwenye akili zake hafanyii utafiti ukweni. Mimi nilikuwa nimesoma hadi nikaipita akili hiyo. Msimamizi wangu chuoni aliponiuliza nitapima mipaka ya mashamba katika kijiji gani, nilijibu upesi kwamba nina wenyeji upande wa Ulemo, wilayani Iramba. Tasnifu yangu ya uzamivu ilikuwa imezeeka kuliko baadhi ya wanafunzi niliowafundisha, na malazi ya bure yalinivutia. Wenyeji wenyewe walikuwa kaka wa mke wangu na mama yao.

Kazi yenyewe haina siri. Kijiji kilikuwa kinaandaa hati za kimila, ili kila shamba liwe na karatasi yake. Mwenye shamba anatembea kuzunguka mpaka wake, majirani wanamfuata kuhakikisha haongezi, nami nafuata na kifaa cha GPS, nikibonyeza kitufe kwenye kila kona. Jioni nazihamishia kona zile kwenye kompyuta, juu ya picha iliyopigwa na setilaiti, naziunganisha kwa mstari mwekundu, na shamba linakuwa ramani. Tasnifu ilikuwa inauliza kama wanakijiji wanaweza kujichorea ramani zao kwa usahihi. Neno "usahihi" nilikuwa nimelitumia katika kila sura, wakati mwingine mara mbili katika sentensi moja.

Ukweni kuna usahihi wa aina nyingine. Mama mkwe humtazami machoni, huli naye, hukai naye mkeka mmoja, na mkikutana njiani unampisha. Zaidi ya yote, humbishii. Katika miaka yote ya ndoa yangu, mazungumzo yetu marefu kabisa yalihusu kama mvua imenyesha kwetu Mungaa. Tulipendana sana kwa mtindo huo.

Zamu ya shamba lake ilipokaribia nilimwomba shemeji atembee kwa niaba yake.

"Shamba ni la mama," alisema. "Nitembee mimi, kesho niambiwe nimeligawa? Au unaogopa? Mnyaturu mzima na digrii zake!"

"Siogopi. Ni heshima tu."

"Heshima hiyo ndiyo inayokutoa jasho?"

Basi tukatembea. Mama mkwe mbele, na fimbo yake. Nyuma yangu mwenyekiti wa kitongoji, shemeji, na majirani wawili. Jirani wa tatu, mjane ambaye shamba lake linapakana naye upande wa bondeni, hakuwepo. Alikuwa amekwenda Shelui kuwauzia vitunguu watu wa malori. Mwenyekiti alisema tuendelee, ramani zitabandikwa ukutani na mwenye pingamizi atapinga.

Nilikuwa nimebuni utaratibu wa kulinda adabu. Nilibaki hatua kumi nyuma yake. Akifika kwenye kona anasimama, anagonga ardhi kwa fimbo, kisha anaondoka, na hapo ndipo mimi ninasogea kusimama palepale na kubonyeza. Nilijiona mvumbuzi. Nilipanga hata kuuandikia aya moja.

Kona tatu zilikwenda vizuri. Ya nne ilipaswa kuwa mwisho wa safu ya minyaa iliyopandwa zamani kutenganisha mashamba mawili. Hili sikulisoma popote. Marehemu baba mkwe alinionyesha mwenyewe, miaka ile nilipokwenda kujitambulisha, akanyoosha mkono na kusema, "Sisi tunaishia kwenye minyaa. Bondeni kule ni kwa jirani."

Mama mkwe aliipita minyaa bila kupunguza mwendo. Akateremka bondeni, akapita katikati ya matuta ya vitunguu ya yule mjane, kwa uangalifu mkubwa, bila kukanyaga hata kitunguu kimoja, akaenda kusimama ukingoni mwa korongo. Akagonga fimbo.

"Hapa," alisema bila kugeuka. "Bonyeza, baba."

Mwenyekiti aliangalia mawingu, ambayo hayakuwepo. Majirani wawili, ambao mashamba yao yako upande mwingine kabisa, waliona halikuwa jambo lao. Shemeji alikuwa anafuta tope kwenye kiatu. Katika msafara ule mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeandika kurasa tatu kuhusu tukio la namna hiyo, nikielekeza kwamba mtafiti amwulize mhusika swali la kuthibitisha, kwa upole. Nikangoja aondoke, nikasogea, nikabonyeza. Kifaa kikalia mlio mfupi, wa furaha.

Jioni niliifungua kompyuta. Minyaa ilionekana waziwazi kwenye picha kama mstari wa kijani kibichi, na matuta ya vitunguu yalionekana chini yake kama kitambaa cha mistari. Mstari wangu mwekundu ulikuwa umevikumbatia vyote. Sehemu ya shamba la mjane iliyobaki ilikuwa udongo wa kichanga wa kulima uwele, mvua ikipenda. Bonde lile ndilo pekee linaloshika maji kiangazi. Likiondoka, vitunguu vimeondoka, na vitunguu ndivyo vinavyomlisha.

Ningeweza kuivuta kona ile kwa kidole, nikairudisha kwenye minyaa, na hakuna ambaye angejua. Lakini hilo lingekuwa kughushi. Kuiacha pia kulikuwa kughushi, ila kwa adabu.

"Shemeji," nilisema tukinywa chai, "ile kona ya bondeni..."

"Ulibonyeza au hukubonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Basi." Akakoroga chai yake. "Mzee alikuwa anasema minyaa. Ila mzee hayupo. Kamwambie mama wewe, si ndiye msomi?"

Tulicheka wote wawili, bila raha. Nilimpigia simu mke wangu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema nisimwingize yeye humo, kwa kuwa hakunituma. Usiku ule niligundua kwamba nyumba ya shemeji ina mlango mmoja, nao unatazama jikoni kwa mama mkwe.

Ramani zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Siku ya kwanza mjane hakuja, nami nikajikuta nikiomba asije kabisa, ombi ambalo siyo la kujivunia. Siku ya pili akaja, bado na gunia tupu begani. Watu walikuwa wengi. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi kivulini, pamoja na wanawake wenzake.

"Mtaalamu," mjane aliniita, "mimi haya madude siyajui. Nionyeshe vitunguu vyangu."

Nikaweka kidole. "Hivi hapa."

Akainama, akavitazama, akatabasamu kama mtu aliyeona picha ya mwanawe. Kisha tabasamu likaisha. "Na huu mstari mwekundu mbona umepita huku? Mimi niko upande upi? Huu, au huu?"

Nilihisi benchi lile mgongoni kwangu kama mtu anavyohisi moto. Nikisema ni mama mkwe aliyetembea pale, nimetangaza mbele ya kijiji kwamba mama wa mke wangu ni mwizi wa ardhi. Nikisema mstari uko sawa, bonde limekwenda.

"Mashine ilikosea," nilisema.

"Ilikosea?" mwenyekiti aliuliza, na sauti yake ilikuwa na shukrani.

Nikatoa mhadhara. Nilizungumzia setilaiti, nikazungumzia mabonde yanavyozuia mawasiliano, nikazungumzia mawingu. Sikuwahi kufundisha kwa ufasaha kama ule, wala kwa uongo kama ule. Nilipomaliza, kutoka kwenye benchi kikaja kikohozi kidogo.

"Nilishangaa mimi," alisema mama mkwe, akiwaambia wote isipokuwa mimi. "Nimetembea zangu kwenye minyaa, mashine ikaenda kwenye vitunguu vya watu. Irudiwe."

Ikarudiwa kesho yake. Mama mkwe alipata maumivu ya goti, akamtuma shemeji. Mjane alitembea ubavuni kwangu, akichungulia kila nilipobonyeza.

"Kwa hiyo imepona?" aliniuliza.

"Imepona."

"Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ghafla sana."

Shemeji alikohoa. Tulifika mwisho wa minyaa, nikabonyeza, mjane akaweka sahihi yake, na bonde likabaki kwake. Jioni ile nilifunga begi.

Asubuhi mwenyekiti alibisha hodi. Nyuma yake uwanja ulikuwa umejaa watu ambao mashamba yao nilikuwa nimeyamaliza wiki nyingi nyuma.

"Wanasema warudiwe," alisema.

"Kosa lilikuwa kule bondeni tu," nilijitetea.

"Ala!" mzee mmoja akadakia. "Yaani mashine inaugua ikifika kwa mkweo tu? Kwetu ilikuwa nzima?"

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha haki. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kunitoa pale, na ndani ya sentensi hiyo alikuwepo mama mkwe. Nikarudi ndani, nikalifungua begi, nikatoka na kifaa.

Tulianza na yule mzee. Alitutembeza vizuri hadi kona ya pili, halafu akaupita mpaka wake wa zamani na kwenda kusimama chini ya mgunga mkubwa, hatua nyingi ndani ya shamba la jirani yake.

"Safari ile mashine yako iliuacha mti wangu nje," alisema. "Leo uuweke."

Mti haukuwahi kuwa wake. Yeye alijua, na jirani yake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na jembe begani, alijua.

"Mtaalamu," jirani akauliza taratibu, "leo inaumwa au ni nzima?"

Msafara wote ukasimama, ukanisubiri.