Mshale Uliopanda Juu ya Nyumba Yetu

Boti niliinunua ikiwa mzee, nafikiri hata Nuhu aliiona akasema zii, hiyo hapana. Ilikuwa ya bati, imepigwa rangi juu ya rangi mpaka imenenepa, na injini moja imening'inia nyuma. Hapo kwa usukani kulikuwa na geji mbili, ya mafuta na ya joto. Ile ya mafuta ilikuwa inasema tenki imejaa siku zote. Siku moja nilitoa tenki nikaiweka chini kwa nyasi, nikarudi kuangalia. Bado imejaa. Nikajua hiyo ni geji ya kuomba kura, haiwezi kukuambia ukweli. Nikaacha nayo, nikawa napima mafuta na kijiti.

Ya joto ndiyo ilinitoa jasho. Mimi shule niliiona nikipita, lakini watu wa malori walinifundisha kusoma geji: C ni cheza, H ni hatari. Hiyo tu inatosha.

Sasa ujue kwanza, sisi tulikuwa tunakaa mtaa wa chini, karibu na ziwa Naivasha. Ziwa lilikuja polepole kama mgeni ana aibu. Asubuhi moja tukaamka slipasi zinaogelea chini ya kitanda. Tukahamia Karagita, rumu moja, na mtaa wote ukabaki huko ndani. Kwa hivyo mama watoto alipoona boti akashika kiuno.

"Maji ilituchukulia nyumba, na sasa wewe unaifuata?"

"Nitabeba wageni waone ndege na kiboko."

"Sawa. Nitapanda mara moja. Ikifanya kitu hata moja sielewi, inarudi kwa mwenyewe aliyekuuzia."

Huyo mama akisema kitu imesemwa. Nikaona afadhali niijaribu kwanza peke yangu.

Nilitoka asubuhi, ukungu umelala juu ya maji kama blanketi. Njia ya kutoka inapita juu ya mtaa wetu. Unapita polepole sana, kwa sababu vichwa vya mabati vimetokea hapa na pale, na bomba ya choo imesimama peke yake kama mtu anangoja gari. Mti umekauka, ndege weusi wamejaa juu, hakuna anayelia. Chini kidogo ya maji niliona kamba ya nguo. Sweta ya mtu bado iko, imeshikwa na pini, na mikono yake inanipungia. Mimi nikapunga pia. Utafanya nini? Ni majirani.

Nikafika kwetu. Nilijua kwa mabati ya bluu, nilipaka mwenyewe. Kuangalia geji, mshale umeruka mpaka H. Nikazima haraka. Nikaenda nyuma nikashika injini nikitarajia kuungua.

Baridi. Baridi kama pua ya mbwa.

Kimya. Halafu kutoka chini ya boti, ko ko ko. Mdomo wangu, Mungu ausamehe, ukasema "Karibu!" kabla nifikirie. Kofia yangu ilisimama juu ya nywele, nywele zikasimama juu ya kichwa. Nilipiga kasia mpaka ufukweni, nikaacha samaki nyuma wakiuliza ni nani huyo.

Nikaita shemeji, ndugu ya mke wangu, fundi wa malori kule Salgaa. Akazunguka injini mara kadhaa.

"Shemeji, radieta iko wapi?"

"Haina. Inavuta maji ya ziwa."

"Ziwa lote ni radieta? Basi hii haiwezi kuchemka, labda ziwa lichemke."

Lakini fundi wa huku ni fundi wa huku. Akafungua thermostati, kile kidude cha kungoja injini ipate joto, akaitupa kwa mfuko. "Hii ni ya wazungu, kwao kuna barafu. Hapa ni ya nini?" Tukaweka injini kwa drami ya maji, ikanguruma, ikakojoa maji vizuri pembeni vile inatakikana, mshale umelala kwa C kama mtoto ameshiba. Tukaingia ziwani tukicheka.

Juu ya mabati ya bluu, mshale ukaamka. H.

Shemeji akaweka shavu kwa injini. Akalitoa polepole. Akaanza kunong'ona, sijui alikuwa anaogopa kuamsha nani.

"Hapa ni wapi?"

"Hapa ni kwetu. Ulikulia chapati hapo chini, Krismasi."

"Geuza boti, shemeji. Hii si kazi ya spana. Tafuta pasta."

Alirudi Salgaa hiyo hiyo mchana, na thermostati yangu kwa mfuko.

Nilimwambia mama watoto? Singeweza. Jumamosi akapanda, amevaa jaketi ya kuelea juu ya sweta mbili, akakaa akiniangalia, mgongo ameupatia ziwa. Hakutaka kuona maji. Ukungu tena. Bomba ya choo ikapita, sweta ikapunga. Mimi moyo ulikuwa unapiga kelele kushinda injini. Mabati ya bluu yakakaribia na mshale ukapanda, wima, mpaka H. Nikajua boti imeenda.

"Keti," akasema, jicho moja kwa mshale.

"Nini?"

"Keti chini, baba watoto."

Nikaketi. Mshale ukaanguka.

"Simama."

Nikasimama. Ukapanda.

"Keti. Simama." Utafikiri tuko kanisani. "Wewe kila ukifika hapa unasimama hivyo?"

"Mimi? Sijasimama."

"Umesimama. Umenyoosha shingo kama twiga, unaangalia dirisha letu."

Wallahi sikuwa najua. Tukainua mbao niliyokuwa nimekanyaga. Chini yake waya ya geji imechunika, na mtu akisimama hapo inaguswa na bati ya boti. Hiyo tu. Nikatoa tepu niizungushe.

Ko ko ko, chini.

Akanishika mkono. "Hiyo ni geti yetu," akasema. "Maji inaisukuma. Komeo uliahidi kutengeneza."

"Nilikuwa natafuta msumari."

Hakucheka. Akaniambia niweke tepu kando, akavuka polepole akaja upande wangu, akarudisha mbao, akasimama juu yake. Kwa mara ya kwanza akaangalia chini. Aliangalia muda mrefu. Mshale ulikuwa umeenda H na hakuna mtu aliyeujali. Kiboko alipumua mahali fulani kwa ukungu, mara moja, akanyamaza.

"Unairudisha kwa mwenyewe lini?" nikasikia anauliza.

Nikazungusha tepu kwa kidole.

"Usirudishe," akasema. "Lakini ukinibeba, upitie hapa. Usizunguke."