Miguu Inapotafuta Viatu

Usiku ule wa kuamkia onyesho letu la kwanza nililala nimeshiba sifa. Mazoezini kikundi kizima kilikuwa kimelia, hata mpiga ngoma, ambaye mamaye alizikwa yeye akiwa mkavu wa macho. Walilizwa na wimbo niliomtungia marehemu Bi Saada, mwalimu wangu katika kazi hii ya michezo ya nyimbo. Aliuimba Raya, binti yake, ndani ya gauni la mamaye. Hakuwa na sehemu nyingine mchezoni. Nikasema moyoni, mchezo huu ukibuma basi mji huu hauna watu, una mbuzi.

Nikamwota Bi Saada. Yuko ukumbini, kakaa palepale pake, kwenye kigoda chini ya jukwaa, mgongo kawapa waigizaji, uso kwa watazamaji. Enzi za uhai wake hakutazama mchezo wake hata mmoja. Alitazama miguu. Ukumbi wetu una joto, watu wakikaa huvua viatu. Wimbo ukiwashika, alisema, miguu hulala. Ukiwachosha, vidole huanza kupapasa ndara chini ya viti. Tulikuwa na mchezo wa mavazi ya hariri, ndara zikapapaswa kabla ya wimbo wa pili, ukafa. Mwingine ulikuwa na pazia lililotoboka na mwimbaji mwenye mafua, na watu walirudi msimu mzima, maana kila mmoja alitaka kujua mke mdogo ataufanyia nini ule ufunguo aliouiba.

Namwamkia shikamoo, haitikii. Viti vimekuwa mikeka, tumo matangani kwake, waliokuja kumzika wamejaa, na jukwaa bado lipo. Juu yake mchezo wangu unaendelea: dada wawili, mchumba mmoja, na mtu anabisha hodi. Mdogo ananyoosha mkono kwenye komeo. Watu wote wameshika pumzi, hakuna mguu unaotikisika.

Hapo ndipo Raya anaingia na wimbo wangu.

Anaimba vizuri, Mungu shahidi. Nami nasikia chini mkwaruzo, kwanza mmoja, kisha mkeka mzima. Wanapapasa ndara. Wanainuka mmoja mmoja, wananipita bila salamu, mpiga ngoma akiwa wa mbele. Natazama chini ya kigoda. Miguu ya Bi Saada nayo inapapasa sakafu.

"Hata mimi ninayeliliwa natafuta viatu," anasema, "na nilizikwa pekupeku."

Namwambia nimeutunga kwa mapenzi, wenzetu wote wamelia.

"Wamelia kwa kuwa walinijua. Anayekata tiketi kesho hanijui. Anataka kujua nani yuko mlangoni, wewe unamletea msiba." Ananitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza nilipomwimbia, nikatamani ardhi inimeze. "Hukunililia mimi. Ulitaka uonekane unalia. Utoe. Mwambie Raya nimemtoa mimi."

Nilizinduka, simu inaita. Alikuwa Raya.

"Kaka Musa, nimemwota mama!" Sauti yake ilicheka na kulia pamoja. "Alikuwa ukumbini, anausikiliza wimbo, machozi yanamtoka."

"Kakaa wapi?"

"Kwenye kigoda chake. Ila kageuka, Kaka Musa. Ananitazama mimi."

Tangu utotoni mtoto huyu aliimba nyuma ya mgongo ule, na mgongo haukugeuka hata siku moja. Nilijua ndoto ipi ilikuwa ya kweli na ipi ilikuwa njaa yake.

"Raya," nikasema, "wimbo nimeutoa."

Kicheko kikakatika.

"Nani kasema?"

Nilikuwa nimetumwa, na jina nililoagizwa lilikuwa mdomoni.

"Mimi," nikasema.

Akaniita muuaji, akakata simu. Nikaenda ukumbini kuwaambia wenzangu kwamba leo mlango utafunguliwa mara hodi inapobishwa.