Mfarishi wa Vipande vya Kuomba

Mwaka ule wa mimba yangu ya nne nilikuwa na mifarishi mitatu mkononi kwa wakati mmoja, na majirani walinisema. Walisema mja mzito hashiki kazi tatu, hushika moja akaimaliza. Niliwaacha waseme. Mfarishi, kwa wasioujua, ni tandiko zito la kujifunika: juu vipande vya nguo kuukuu vilivyoungwa, katikati sufi, chini kitambaa cha marekani, kisha unapiga mishono kutoka pindo hadi pindo ili sufi isikimbilie pembeni. Vita vilikuwa bado vinapiganwa huko Ulaya kwa wenyewe, na nguo madukani zilikuwa za kuvizia. Blanketi hatukuliwaza hata kidogo. Mtaani kwetu Mtoni watu wote tulijifunika viraka.

Mfarishi mmoja ulikuwa wa mama mkwe wangu, aliyekaa nasi chumba cha uani. Huo niliuunga kwa kaniki zake za zamani, maana hakukubali kulalia nguo ya mtu mwingine. Wa pili ulikuwa wa kitanda chetu mimi na mume wangu, wa mabaki ya kaki niliyopewa na fundi cherehani mmoja wa Barabara ya Kilwa. Kaki ni ngumu, ilinivunjia sindano na kunitoboa vidole, lakini haichakai. Wa tatu ulikuwa mdogo, na ndio ninaotaka kuueleza.

Nilikuwa nimekwisha kuzika watoto watatu. Wa kwanza alifika kusimama dede. Wa pili hakufikisha arobaini. Wa tatu sitaki kumwandika.

Kwetu, mwanamke wa namna yangu hamwandalii mtoto nguo mpya. Yeye huenda kuomba. Hupiga hodi kwa wanawake ambao watoto wao wote wako hai, hajafa hata mmoja, akaomba kipande cha nguo ambayo mtoto ameivaa mwilini. Vipande hivyo huviunga mfarishi, na kiumbe kikizaliwa hufunikwa uzima wa wenzake. Sikuliamini sana jambo hilo, nasema kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kuyaamini mengine yote, ya hospitali na ya waganga, na yote yalinitupa mkono. Nikatwaa kikapu nikaenda kuomba.

Kuomba chakula kuna unafuu. Mtu anakupa wali, anakuona umekula, mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa naomba kitu ambacho mwenye kukitoa alijua kwa nini nakiomba, na alipokuwa akinipa alikuwa akinitazama tumbo. Mwanamke mmoja alinisimamisha nje ya kizingiti, akanirushia kipande kama anayemrushia kuku punje. Mwingine alinipa upesi mno, ili niondoke kabla mwanawe hajatoka chumbani. Nilisema ahsante kila mlango. Nilirudi nyumbani na hasira yangu, nikakaa chini nikashona.

Shoga yangu peke yake ndiye hakungoja kuombwa. Nyumba yetu na yake ziligawana ua mmoja wa makuti, na alikuwa na kijana mmoja tu, mnene, mwenye kelele, hajaugua hata mafua ya maana. Siku hiyo yule mtoto alikuwa amevaa shati la chiti ya manjano alilovaa tangu Idi ya mwaka uliopita. Lilikuwa limefuliwa mpaka likawa laini kama kitambaa cha kuchujia tui. Shoga yangu alichukua mkasi, akalikata upande wote wa chini mtoto akiwa amelivaa, kitovu kikabaki nje, na mtoto akaangua kilio.

"Chukua, shoga," akaniambia. "Huyu wangu na huyo wako ni mmoja."

Nililia. Kile kipande cha manjano nilikitia katikati kabisa, mahali ambapo kifua cha mtoto kingelala.

Sharti la mfarishi wa kuomba ni kwamba pindo moja huachwa wazi mpaka mtoto apite siku arobaini. Ukilifunga mapema umejigamba. Nami nilijijua. Mkono wangu una haraka, na nilihofia kwamba siku moja, bila kufikiri, nitajikuta nimefika mwisho. Hiyo ndiyo sababu ya kushika mifarishi mitatu. Kila nilipoona ule mdogo unanivuta niumalize, niliuweka kando nikashika kaniki, na kaniki iliponichosha nikashika kaki. Hivyo yote mitatu ilisonga pamoja, kidogo kidogo, na miezi ikapita, na ndani ya tumbo mtoto akawa anapiga mateke. Mume wangu, aliyekuwa kuli bandarini na mtu wa maneno machache, akirudi jioni aliinua pembe za mifarishi moja moja kuona nimefika wapi. Hakuuliza habari za tumbo. Aliuliza habari za kushona.

Akazaliwa mtoto wa kiume. Tukampa jina baya la kusudi, jina la kitu kinachotupwa, ili asitamaniwe, nami silitaji hapa. Alinyonya, akanenepa, akapita arobaini. Siku iliyofuata nililifunga lile pindo mama mkwe akiwa ameketi mbele yangu, na mume wangu akacheka kwa sauti, jambo ambalo sikumbuki kulisikia tena maishani mwake.

Homa ilimshika baada ya masika. Kwanza ilikuja na kuondoka, tukasema meno. Kisha ikaja degedege. Tulimpeleka dispensari wakampa kwinini, tukamletea kombe la kunywa na la kuoga, mama mkwe akamfukiza mavumba mpaka chumba hakikaliki. Mtoto alikonda tukimtazama. Ule mfarishi mdogo hakuwa nao mbali hata mara moja.

Shoga yangu alikuja kila asubuhi. Lazima niseme hili, kwa sababu ni kweli. Alimwacha kijana wake kwa dada yake, akavuka ua, akampokea mgonjwa mapajani ili nipate kwenda kisimani na kuweka sufuria motoni. Mama mkwe alikuwa hawezi tena kukaa sana chini, na bila yule shoga nisingepata hata maji ya kumwogeshea mtoto. Nilikuwa nikirudi namkuta anamwimbia polepole, na sindano yangu iko pale pale nilipoichomeka.

Asubuhi moja mtoto aliukojolea mfarishi. Niliuosha upande ule nikautandaza juani, juu ya kitanda cha kamba, nikawa naupapasa kuona kama sufi imegandamana. Mkono ulipofika katikati ukasimama. Kile kipande cha manjano kilikuwa kigumu.

Niliinama nikakitazama. Chiti ni ile ile, manjano ile ile yenye vidoto vyekundu. Lakini haikuwa imepauka, na nilipoisugua kwa kidole nikasikia dondo, lile linalokuwa kwenye nguo ambayo haijawahi kuingia majini. Nikaangalia mishono. Mimi ni mtu wa mashoto, na mishono yangu huegemea upande ambao ya watu wengine haiegemei. Mfarishi mzima ulikuwa wangu, isipokuwa mishono iliyokizunguka kile kipande. Ile iliegemea kama ya watu.

Nilielewa pale pale, wala sikuhitaji kuelezwa. Kipande hiki kilitoka katika mabaki ya chiti aliyomshonea mwanawe shati la Idi, mabaki aliyokuwa ameyaweka. Aliketi chumbani mwangu, mtoto wangu mapajani, akafumua uzi mmoja mmoja, akaitoa nguo iliyovaliwa na mwanawe, akatia mpya isiyovaliwa na mtu. Kwa kuwa watu wanasema hivi, na mimi nililijua neno hilo tangu utoto: mtoto akifia chini ya mfarishi wa kuomba, kifo huufuata uzi kikarudi kwa wale waliotoa. Mtu hatoi kipande chake mfarishini ila amekwisha kukata tamaa.

Mtoto alikuwa bado hai. Nilimsikia ndani akikohoa. Nilikuwa nimeketi kwenye mchanga nikijua kwamba mtu aliyekuwa akimwimbia kila asubuhi alikuwa amekwisha kumzika, na amemzika kwa adabu, kwa mishono midogo mizuri, ili nisiumie. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Na lililo baya zaidi, nilimwamini. Yeye alimtazama mtoto kwa macho makavu, mimi kwa macho ya mama. Tangu saa ile na mimi sikuwa na tamaa tena, na sijamsamehe, kwa hilo zaidi kuliko kwa kipande chenyewe.

Alipokuja kesho yake akauliza, "Ameamkaje mgonjwa wetu?" nikasema, "Hajambo kidogo." Nikampa mtoto, nikachukua ndoo. Ningefanyaje? Maji yalikuwa yanahitajika.

Mtoto alifariki wiki ile ile, mchana, mume wangu akiwa kazini.

Matanga hayajaisha vizuri, wanawake wakaanza kuja. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akihakikisha mwenzake ameondoka. Walikaa, wakanipa pole, wakauliza afya ya mama mkwe, kisha sauti ikashuka. "Usinifikirie vibaya, mwenzangu. Mie nina wadogo." Yule aliyenirushia kipande kizingitini alikuja na machozi ya kweli. Sikumbishia mtu. Nilichukua wembe, nikakata mishono yangu mbele yao, nikampa kila mmoja chake, na kila aliyepokea alikikunja kidogo sana akakificha kifuani. Nilishangaa jinsi kufumua kunavyokwenda mbio. Kazi ya mimba nzima iliondoka mlangoni kwangu katika siku chache, na sufi ikawa inaruka ruka chumbani mpaka kwenye chakula.

Ile mifarishi mingine nikawa naiendeleza. Watu walidhani ni ushupavu. Haukuwa ushupavu wowote, nilikuwa siwezi kukaa mikono mitupu. Mikono mitupu ilitaka kubeba mtu. Nilishona kaniki mpaka mfarishi wa mama mkwe ukaisha, na sikuwahi kushona vizuri vile, mistari imenyooka, pindo halina kasoro. Alipoutandika akaketi juu yake, akaupapasa, akaniombea dua ndefu ya kupata watoto. Nilisema amina kama mtu anayekohoa.

Siku hiyo shoga yangu alikuwepo, anapeta mchele barazani kwetu. Alikuwa haachi kuja. Mama mkwe alikuwa ameuona ule mfarishi mdogo pembeni, au tuseme kilichobaki: marekani, mabonge ya sufi, na kile kipande cha manjano peke yake katikati. Akakinyooshea kidole.

"Unaona, mwanangu?" akaniambia, kwa sauti ya kusikiwa. "Wote wamekuja kudai vitambaa vyao, hawana haya. Huyu peke yake hakudai. Na ana mmoja tu! Huyu si shoga, huyu ni ndugu yako wa tumbo moja."

Ungo ukasimama mikononi mwa yule mwanamke. Niliuchukua wembe. Sikuwa nimekusudia, lakini nilipoanza sikuweza kuacha. Nilikata mishono yake midogo pande zote, nikakitoa kile kipande, nikamwekea juu ya mchele.

"Chukua, shoga," nikasema. "Kitambaa kipya hiki, bado kina dondo. Kitakufaa."

Mama mkwe akanigombeza. Akasema msiba umenitoa akili, namtukana mtu pekee aliyenistahi. Shoga yangu hakumsikiliza. Alikitazama kile kipande, kisha akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na uwongo wowote tena.

"Hata wewe ungefanya," akaniambia polepole. "Ungekuwa na mtoto, ungefanya."

Nilitaka kusema hapana. Nilitafuta katika moyo wangu mahali pa kusimama niseme hapana, nisipaone. Nilijua kwamba ningekuwa na mmoja tu aliye hai, anayepiga kelele uani, ningefumua kipande chake hata katika sanda ya maiti.

"Ningefanya," nikamjibu. "Nipe mtoto nifanye."

Akainama akalia juu ya mchele. Mimi nilivuta ile kaki, nikatia uzi kwenye sindano, nikaendelea.