Siku Nilipomtaifisha Mgeni wa Mama

Nakiri mapema ili tusipotezeane muda: nilimtaifisha mgeni wa mama. Shuleni tulikuwa tukiambiwa kila siku kwamba mali ya mtu mmoja haina budi kuwa ya umma. Benki zimekwenda, mashamba ya mkonge yamekwenda, nami sikuona sababu ya mgeni kubaki mali ya mama peke yake. Nilitumwa nimchukue stesheni asubuhi na kumfikisha nyumbani Ujiji kabla ya saa sita. Nikamfikisha saa kumi.

Na hakuwa mgeni wa kuchezea. Alikuwa shangazi wa kijana aliyetaka kumwoa dada yangu, katumwa na ukoo mzima kutoka Tabora aje kutukagua. Barua ya posa alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Akituridhia, angeitoa. Asiporidhika, angerudi nayo Tabora, na hadithi ingeishia hapo. Dada alimpenda yule kijana. Najua, kwa sababu aliandika jina lake nyuma ya daftari langu la hesabu, ukurasa mzima, mwalimu akaniuliza mbele ya darasa huyo bwana ni nani wangu.

Kilichomtisha mama ni kwamba mchumba wa kwanza alikwisha kukimbia. Hakukimbia sura. Dada ni mzuri, nasema hivyo ingawa tunagombana. Alikimbia sifa zake. Dada yangu ana sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa, na mkono unaolingana na sauti hiyo. Basi mama akamweka ndani wiki nzima akimfundisha kunong'ona.

"Sema karibu."

"KARIBU!"

"Umeshamfukuza! Sema kama mtu mwenye mafua."

Nilikuwa dirishani nikicheka, mpaka nikarushiwa mwiko.

Asubuhi ya mgeni mama akanipa baiskeli ya baba na maagizo. "Stesheni, nyumbani. Usipite sokoni, usipite mwaloni kwa wavuvi. Asisikie neno la mtu yeyote mpaka awe amekula samaki wangu, migebuka. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia. Tatizo langu halijawahi kuwa masikio.

Treni ilipoingia, akashuka mama mmoja mpana, kilemba kichwani, mwavuli wa kiume mkononi, kidumu cha asali kwapani, na macho ya mkaguzi wa elimu. Nikamwamkia shikamoo ndefu kama behewa.

"Marahaba. Wewe ndiye kaka mtu?"

"Mdogo mtu, Shangazi."

Akaitazama baiskeli. Akanitazama mimi, hasa miguu yangu. "Itatubeba hiyo?"

"Baiskeli haina neno, Shangazi. Niombee mimi."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoharibika. Mimi fimbo nazivumilia, njaa naivumilia, lakini mtu asiyecheka siwezi kumwacha hivihivi. Nikafunga kidumu kwenye usukani nikijiuliza nimwanzie wapi, akaniuliza mwenyewe: "Hapa kwenu kuna nini cha kutazama? Nasikia kuna mwembe, Wazungu wawili walikutana chini yake."

"Ule tumeuchoka hata sisi. Mtu kumkuta mtu, nayo habari? Sisi tunakutana kila siku na hatujajengewa nguzo."

Pembe ya mdomo wake ikacheza. Kidogo tu, lakini nikaiona.

"Vitu vyenyewe wageni hawaonyeshwi," nikasema. "Na viko njiani tu."

Havikuwa njiani.

Nikampeleka kwanza mahali reli inapokwisha. Watu wote husema Kigoma ni mwisho wa reli, lakini waulize kama wamewahi kuuona mwisho wenyewe. Uko kwenye nyasi upande wa bandarini: vyuma viwili vinakuja kutoka Dar es Salaam, vinapita nchi nzima kwa kishindo, halafu vinaishia kwenye rundo la mawe kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema. Siku hiyo palikuwa pamefungwa mbuzi.

"Na huyu?" akauliza Shangazi.

"Msaidizi wa stesheni masta."

Akaguna puani. Nikaihesabu hiyo kuwa nusu ya kicheko, nikataka nusu ya pili.

Nusu ya pili ilipatikana mteremkoni. Kupanda kilima tulisukuma baiskeli, yeye chini ya mwavuli, mimi chini ya jua. Kileleni nikamwambia akae kwenye keria. Akakaa. Spring zikalia kilio cha msiba. Tukaondoka polepole, halafu si polepole tena.

"Shika breki, mtoto wee!"

"Breki ziko kwa fundi, Shangazi!"

Akapiga ukelele, mwavuli ukajifungua kwa upepo, kuku wakatawanyika, wanawake wakatoka nyumbani mwao na miiko mikononi kuona ni harusi au ni ajali. Tulipokuja kusimama kwenye mchanga wa Buzebazeba nikageuka nikiwa tayari kupigwa. Nikamkuta kashika mbavu, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti kama mtu anayechemka. Basi nikalewa. Kuanzia hapo, duniani hapakuwa na mama wala migebuka.

Buzebazeba nikamwonyesha kinu cha mawese cha mzee mmoja Mkongo. Ni pipa la chuma lenye nguzo ndefu juu, vijana wawili wanaizungusha nguzo kama punda, na chini mafuta yanatiririka mekundu, ya moto, yananukia mpaka unatamani ungekuwa na kipande cha muhogo mfukoni. Shangazi akavua viatu, akawasukuma vijana pembeni, akashika nguzo.

"Mama, polepole!" akasema yule mzee. "Kazi hii si ya mgeni."

"Mimi nimelima tumbaku miaka ishirini, mzee. Sogea."

Akazungusha raundi nzima. Mzee akapiga makofi, kisha akanigeukia, na sitamsamehe: "Sasa huyu ndiye mtu! Sijaona mwingine isipokuwa dada yako. Siku ile vijana wangu wamelegea, yeye akazungusha peke yake mpaka pipa likakauka, na matusi aliyowapa, ee Mungu wangu, mpaka leo mmoja hajarudi kazini."

Shangazi akajifuta mikono taratibu. "Dada yake yupi?"

"Ni mmoja tu, mama. Wangekuwa wawili, mji ungehama."

Nikapata kikohozi cha ghafla. Nikachukua baiskeli, nikaaga kabla ya kuagwa.

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani hapohapo. Mimi nikapiga hesabu yangu: neno la mtu mmoja si kitu, nikimwonyesha jambo kubwa kuliko yote, atalisahau. Nikakatiza mtaa wa Kasingirima, nikateremka mwaloni.

Na huko ndiko nilikokosea kosa ambalo mtoto wa Ujiji hapaswi kulikosea. Nilisahau mwezi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa za karabai, na taa hushika kazi giza likiwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima linang'aa, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa ya mtu, basi wavuvi wote hukaa nchi kavu. Ndiyo maana kwetu posa, harusi na tohara hungoja juma la mbalamwezi: wanaume wapo. Mama mwenyewe ndiye aliyelichagua juma lile. Ungenipa juma la giza, mchana kama ule ningekuta mwalo mtupu, wanaume wamelala majumbani midomo wazi. Siku ile walikuwepo wote, wamekaa mchangani wanashona nyavu. Na kushona nyavu ni kazi ya mikono tu. Mdomo unabaki hauna ajira.

"Karibu, mama! Mgeni wa nani huyu?"

"Wa shule," nikasema haraka.

Nikaomba mtumbwi. Mvuvi mmoja mrefu, mwenye meno machache na heshima nyingi, akajitolea kutupigia kafi. Nikamwonyesha Shangazi kitu ambacho hata watu wa Kigoma wengi hawajakiona: nyumba iliyo chini ya maji. Miaka ile baada ya Uhuru ziwa lilipanda, likachukua viwanja, michikichi, na nyumba ya saruji ya mfanyabiashara mmoja. Maji yetu ni maangavu, ukiinama unaona ngazi tatu za mlangoni, sakafu nyekundu, na samaki wakubwa, kuhe, wanaingia sebuleni bila hodi.

"Wale, Shangazi, ni kijiji cha ujamaa cha kwanza mkoa huu. Wanakaa pamoja, wanakula pamoja, na walihamia wenyewe bila lori wala mgambo."

Akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Kisha akatulia, akachovya mkono majini, akatazama ile ngazi muda mrefu. "Kumbe mna mambo mazuri," akasema, "na mnayaficha."

Moyo wangu ukapaa kama kishada. Ndipo yule mvuvi akaweka kafi magotini, akanitazama vizuri, akasema: "Ngoja kwanza. Wewe si mdogo wake yule binti aliyenivisha kopo?"

"Hapana," nikasema.

"Ndiye! Pua ileile!"

"Kopo gani, baba?" akauliza Shangazi.

Nikakohoa. Nikakonyeza. Nikautikisa mtumbwi nikidai nimeona mamba.

"Kaa kimya, mwanangu. Endelea, baba."

Akaendelea, tena kwa fahari, kama mtu anayesimulia alivyopewa nishani. "Mimi, mama, nilikuwa nawapimia wachuuzi dagaa kwa kopo. Kopo langu nikalibonyeza kitako, hivi, kidogo tu, ili lisijae sana. Wanawake wote wakanung'unika chinichini. Yule binti akalichukua, akaligeuza, akalitazama, halafu akanivisha kichwani. Likanasa! Mwalo mzima wakaona. Nikavuliwa kwa kupakwa mawese. Tangu siku ile napima kwa kopo zima, na wateja wameongezeka, sijui kwa nini."

Mvuvi mwingine aliyekuwa ufukweni akasikia, akapaza sauti: "Mwambie na ile safari ya Mwamgongo!"

"Ee, ya Mwamgongo! Upepo ulipiga, mama, wanaume wawili wamelala ndani ya mtumbwi wanatapika, yeye ndiye aliyepiga kafi mpaka hapa, anaimba na kuwatukana kwa zamu!"

Nilitazama ile nyumba chini ya maji nikaona nafasi ya mtu mmoja bado ipo.

Njia nzima kwenda nyumbani Shangazi alitangulia, mwavuli begani. Nilisukuma baiskeli nikitunga barua ya kumwomba dada msamaha, na sikupita maneno mawili ya kwanza.

Mama alikuwa mlangoni. Kwa midomo alimwambia mgeni karibu, pole na safari. Kwa macho alinichinja, akanichuna, akanianika. Baba na mjomba walikuwa wamevaa kanzu tangu asubuhi, zimeshakunjamana. Migebuka ilikuwa imepashwa moto mara tatu. Shangazi akaketi, dada akaja na maji ya kunawa, kainamisha kichwa, miguu inaburuzika kama ya bi harusi mgonjwa.

"Shikamoo, Shangazi," akanong'ona.

Shangazi akanawa. Akajikausha kidole kimoja kimoja. Kisha akamgeukia mama.

"Mama mwenzangu, huyu ni mzuri, lakini naona mmeniazimia wa jirani. Yule aliyemvisha mtu kopo yuko wapi?"

Baba akatazama dari. Mama akashika mlango. Nami nikaona jina lile lote lililojaza ukurasa wa daftari langu likifutika herufi kwa herufi, na mfutaji ni mimi.

Dada akainua kichwa. Akaweka birika chini. Na kwa sauti yake mwenyewe, ile iliyofungiwa wiki nzima, akasema: "Nilimvisha kwa sababu lilikuwa limebonyezwa kitako! Na akirudia, nitamvisha tena!"

Kuku wakatoka uani mbio. Shangazi akafumba macho kama mtu aliyeonja asali.

"Mtoto wa kaka yangu," akawaambia wazee, huku akifungua pindo la kanga, "ni kijana mwema, msomi, na mpole kupita kiasi. Kuku wakimdonoa, anawaomba radhi. Kila mwenye mizani ya uongo Tabora anamjua kwa jina. Tumetafuta miaka miwili mtu wa kumsimamia. Baba, shika barua hii kabla wengine hawajasikia habari za binti yenu."

Baba akaishika. Mjomba akapiga kigelegele, jambo ambalo mwanamume hapaswi kulifanya, na hakuna aliyemkemea. Dada alinitazama juu ya vichwa vya watu, akanionyesha ngumi, kisha akacheka mpaka sahani zikatetemeka.

Mama alingoja mgeni ale, ashibe, apelekwe kupumzika. Akaniita nyuma ya jiko. Alisimama mbele yangu kashika kiuno, mashavu yanamcheza, akipigana na kitu usoni mwake mpaka akakishinda, akasema:

"Ungekuwa mtoto wa jirani, leo ningecheka mpaka nigaegae. Bahati mbaya ni wangu. Kalete fimbo, na isiwe ya mpapai."